Kabla ya Kumtaja Mkosaji: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Ndoa Inapochacha Ukambani

Haya nayaandika kwa anayeitwa kuketi ndoa ya mtu inapoingia doa: baba mzazi, mama mkwe, mjomba, mzee wa ukoo, mchungaji, naibu wa chifu. Kuanzia Kyuso hadi Ikutha, Mbooni hadi Mtito Andei, kikao ni kile kile. Viti vya plastiki chini ya mwembe, chai kwenye chupa, na swali linalotangulia yote: nani mwenye makosa? Mara nyingi jibu limeshaivishwa kabla mke hajafika. Nimeketi katika vikao vya kutosha kujua kwamba lawama humwangukia aliye mgeni bomani, yule asiye na ndugu pale. Lawama haina budi kufuata kitendo. Ikifuata mtu, acheni kuita hilo usuluhishi.

Usifungue kikao mke akiwa peke yake. Watu wa kwao waitwe, na wangojwe. Mwanamke mmoja mbele ya wanaume saba wa ukoo wa mumewe hajibu maswali. Anaomba radhi kwa jambo asilolijua, ili kikao kiishe akateke maji.

Uliza habari ya ntheo, kisha uache kuifanya fimbo. Kila Mkamba anajua kwamba bila mbuzi wa ntheo, mwanamke bado ni binti wa nyumba ya babake. Penwill, aliyekusanya sheria za kimila za Wakamba kitabuni mwaka 1951, aliliandika hilo, na mahakama zetu zimelirudia mara nyingi tangu hapo. Kama ntheo haikupelekwa, basi mwana wenu ndiye aliyemweka binti wa watu njia panda, na hilo litajwe kwanza. Kama ilipelekwa, mshukuru, mnyamaze. Mbuzi hao walifunga undugu wa koo mbili. Hawakununua kimya cha mtu.

Na ninyi wazazi wa binti, msijitoe. Kuna waliodai mahari hadi kijana akaanza ndoa na deni la miaka kumi, kisha wanashangaa kwa nini nyumba ile haina raha. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema sehemu ndogo tu ya mahari yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Wengine hukaa kimya maisha yote ya binti yao, wakaja kudai mbuzi siku jeneza liko uani na kaburi limechimbwa. Wakati alipokuwa akirudi nyumbani na jicho lililovimba, mlikuwa wapi?

Hesabu kazi kabla ya kuhesabu makosa. Hapa ndipo ninapotaka wazee wakae muda mrefu, maana ndipo wanapopita haraka. Mume yuko Mombasa au Nairobi. Anarudi Krismasi, pengine na Pasaka. Katikati ya hapo kuna nani? Kuna mwanamke anayeamka usiku wa manane kiangazi, anamfuata punda hadi mtoni, anachimba mchanga hadi maji yatoke, anangoja zamu yake, anajaza mitungi minne ya lita ishirini, anarudi jua limepanda. Ndiye aliyepanda ndengu na mbaazi mvua za vuli ziliponyesha. Ndiye anayekwenda mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, kutengeneza matuta ya shamba lenye jina la mume. Ndiye anayempeleka mama mkwe hospitali. Kisha mume anafika Desemba, anaambiwa na jirani kwamba mkewe "amekuwa na mdomo," na kikao kinaitishwa.

Mwanamke aliyechoka kiasi hicho huongea kwa ukali. Ukali huo mtaulaumu, lakini uchovu wake muuweke kwenye hesabu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imekwisha kuuweka: kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba, vyote ni mchango. Mahakama ya Juu iliposema Januari 2023 kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, ila kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango wake, wanaume wengi walishangilia. Wangesoma vizuri wangeona kwamba maji yale ya mtoni nayo ni mchango. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mke, hata kama jina lake haliko kwenye hati.

Usimpime mume kwa pesa alizotuma peke yake. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na nyumba nyingi za Kitui na Makueni zilivunjika heshima mbuzi walipokwisha zizini. Ukame si kosa la mtu. Kuachishwa kazi si kosa. Kosa ni kuficha. Mwanamume aliyepoteza kazi akaendelea kusema "mwezi ujao" hadi mke akakopa chamani kwa ahadi hiyo, amekosa, na aambiwe hivyo mbele ya mkewe. Kwa kipimo hicho hicho, mke aliyechukua mkopo wa chama bila kumwambia mumewe, mume akaja kugundua siku wanachama walipobeba kochi, naye amekosa. Sisemi wake hawana makosa. Mke anayemtukana mume mbele ya watoto kwa sababu hakutuma pesa anawafundisha watoto kumdharau mtu watakayemhitaji kesho.

Usimtafute mganga. Nchi yetu imetiwa jina baya la uoi, yaani uchawi, nasi wenyewe tunalilisha. Nyumba ikikosa amani, mtu anapelekwa kwa mganga, na mganga hataji kamwe mshahara uliofichwa wala simu inayolia usiku. Humtaja bibi mzee, au mke mwenza, au shemeji aliyejenga nyumba ya mawe. Mnaporudi mmeleta adui mpya, na ugomvi wa zamani bado uko kitandani.

Usimlaumu mke kwa habari ya uzazi. Wapimwe wote wawili, na mume awe wa kwanza, kwani kipimo chake ndicho rahisi. Kama wamezaliwa wasichana watupu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Nimechoka kulirudia hili kwa watu waliomaliza sekondari. Wazee wetu, kwa yote tunayowasema, hawakumfukuza mwanamke asiye na mtoto: walimruhusu kuoa iweto, mwanamke wa kumzalia watoto, naye akabaki na nyumba yake, shamba lake na jina lake. Anayemtupa mke barabarani leo kwa sababu hiyo asiseme anafuata mila.

Usisuluhishe kipigo. Hapa hakuna "wote wawili wamekosa." Hakuna "ulimwambia nini hadi akakupiga?" Sheria ya Ndoa inaruhusu ndoa ya kimila ipitie usuluhishi wa wazee kabla ya mahakama, lakini kifungu cha 159 cha Katiba kinakataza usuluhishi wowote unaokanyaga haki za mtu. Tangu 2015 tuna sheria mahususi ya kumkinga anayeteswa nyumbani, na mahakama yaweza kumzuia mtesaji asimkaribie. Mpelekeni hospitali kwanza, kisha polisi. Nambari ya 1195 hupigwa bure. Mzee atakayemwambia, "Mwanangu, vumilia, hata mama yako alivumilia," ajue kwamba siku mambo yakiharibika naye yumo. Na mwanamume anayepigwa, maana wapo, asichekwe. Mlango ni ule ule.

Usiwaite watoto watoe ushahidi. Watumeni dukani, au kwa shangazi. Mtoto wa miaka tisa hapaswi kuchagua.

Andika mliyokubaliana. "Nendeni mkapendane" si makubaliano. Andikeni kiasi kitakachotumwa na tarehe yake. Andikeni nani atalipa deni la chama, na kwa miezi mingapi. Andikeni kwamba tangi la maji litanunuliwa kabla ya Oktoba, na nani atafunga bati la kuelekeza mvua. Andikeni siku ya kuketi tena, isizidi miezi mitatu. Wote watie sahihi, wa kwao na wa kwenu. Nakala zitoke mbili, na ya mke apewe mkononi kabla hajatoka uani, isibaki mfukoni mwa koti la mzee.