Kompyuta pepe: nyumba moja, wapangaji watano

WAFANYABIASHARA wengi siku hizi huweka daftari la mali, ankara za wateja na hesabu za benki ndani ya kompyuta moja kubwa iitwayo seva. Seva hiyo mara nyingi hukabidhiwa kijana aliyetoka chuoni, ambaye cheo chake ni msimamizi wa mifumo. Ni wenye mali wachache wanaojua kwamba ndani ya boksi hilo moja huweza kukaa kompyuta nne, tano au hata kumi, zisizo na umbo wala waya, na kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake.

Hizo ndizo kompyuta pepe. Somo la wiki hii linahusu mambo ambayo kijana anayeanza kazi hana budi kujifunza ili aweze kuzisimamia. Linamhusu pia mwenye duka, ingawa hatagusa hata kitufe kimoja. Kuunda kompyuta pepe ni kazi ya dakika chache. Kujua imeahidiwa nini, na itarudishwa vipi ikianguka, ndiyo kazi anayolipiwa kijana mshahara.

NYUMBA YA KUPANGISHA

Mfano wa karibu ni nyumba ya kupangisha. Ina paa moja, kisima kimoja na mita moja ya umeme. Ndani yake kuna vyumba, na kila mpangaji ana mlango na kufuli lake. Mpangaji wa chumba cha pili akiunguza sufuria, wa chumba cha tatu anaendelea na usingizi wake. Lakini LUKU ikiisha, wote wako gizani.

Seva ndiyo nyumba. Kompyuta pepe ndizo vyumba, na kila moja ina mfumo endeshi wake, uwe Windows au Linux. Anayegawa prosesa, memori na nafasi ya diski baina ya wapangaji hao ni programu iitwayo haipavaiza. Huyo ndiye msimamizi wa nyumba, na kijana wa kompyuta ndiye anayempa maagizo.

Wazo hili si jipya. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikwisha kugawa kompyuta zake kubwa kwa namna hii katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998, ndiyo iliyolifanya jambo hilo kuwa biashara kubwa kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka 2005 na 2006 Intel na AMD zilianza kutengeneza prosesa zenye uwezo maalumu wa kuisaidia kazi hiyo, na mwaka 2007 programu ya KVM iliingizwa ndani ya Linux, bila malipo.

Faida yake ni rahisi kuihesabu. Zamani kila programu kubwa ilinunuliwa seva yake, na sehemu kubwa ya siku seva hiyo ilikaa bila kazi huku ikila umeme na kuhitaji kiyoyozi. Leo programu tano hukaa katika seva moja.

SOMO LA KWANZA: KUGAWA KILICHOPO

Chukua mfano wa muuzaji wa jumla wa vipuri vya magari mwenye seva ya memori GB 64 na diski ya GB 2,000. Kijana wake ameunda kompyuta pepe tano: ya uhasibu GB 16 za memori, ya mauzo GB 16, ya kuhifadhi mafaili GB 8, ya majaribio GB 8, na ya kuchapisha GB 4. Jumla ni GB 52. Zinabaki GB 12 kwa ajili ya haipavaiza yenyewe na kwa dharura. Hapo hesabu imekaa sawa.

Sasa tazama diski. Wapangaji hao watano wameahidiwa GB 600, 800, 900, 200 na 100. Jumla ni GB 2,600, wakati nafasi iliyopo ni GB 2,000 tu. Jambo hilo linawezekana kwa sababu haipavaiza inaruhusu diski inayokua kadiri inavyojazwa. Mpangaji huambiwa ana GB 900, lakini kwa leo ametumia GB 200 tu.

Mfanyabiashara anaujua mchezo huu. Ni sawa na kupokea malipo ya magunia 26 ukiwa na magunia 20 stoo, kwa kutumaini kwamba wateja hawatakuja wote siku moja. Hakuna ubaya, ilimradi mtu anahesabu stoo kila siku. Asipohesabu, siku diski halisi inapojaa, kompyuta pepe zinazotaka kuandika husimama, na huenda zikasimama katikati ya mauzo ya mwisho wa mwezi.

Prosesa inavumilia zaidi kuahidiwa kwa wengi, maana wapangaji hupeana zamu, na zikizidiwa matokeo ni mwendo wa polepole. Memori inataka uangalifu. Diski inataka woga. Kijana anayeanza kazi ajiwekee utaratibu wa kuangalia nafasi iliyobaki kila asubuhi, na kengele ya kumwonya diski ikifika asilimia 80.

Aidha, awe na daftari la wapangaji: jina la kila kompyuta pepe, kazi yake, nani aliyeiomba, imepewa kiasi gani, na lini mara ya mwisho nakala yake ilihifadhiwa. Bila daftari hilo, baada ya miaka miwili seva hujaa vyumba visivyo na mwenyewe, na hakuna anayethubutu kuvifunga.

SOMO LA PILI: PICHA SI AKIBA

Haipavaiza ina kitufe kinachopendwa sana na wanaoanza kazi. Ukikibofya, kinapiga picha ya hali ya kompyuta pepe kwa wakati huo. Ukiharibu jambo baadaye, unairudisha ilivyokuwa. Kabla ya kuweka toleo jipya la programu ya uhasibu, picha hiyo ni kinga nzuri.

Hata hivyo, wengi hudhani kuwa picha hiyo ni nakala ya akiba. Sivyo. Picha inapopigwa, diski ya zamani hufungwa isiandikwe tena, na kila kipya huandikwa katika faili la pembeni. Faili hilo hukaa katika diski ileile ya seva ileile. Diski ikifa, asili na picha vinakufa pamoja. Tena faili la pembeni hunenepa kila siku, likala nafasi na kupunguza mwendo. VMware yenyewe inashauri picha moja isitumike zaidi ya saa 72.

Kuna hatari nyingine inayomgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Tuseme kijana alipiga picha Jumatatu jioni, kisha akaweka toleo jipya la programu ya mauzo. Alhamisi jioni programu ikaleta matatizo, naye akairudisha kompyuta pepe katika hali ya Jumatatu. Programu itapona, lakini ankara zote za Jumanne, Jumatano na Alhamisi zitafutika. Wateja wanazo karatasi mikononi, na duka halina kumbukumbu ya nani anadaiwa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: piga picha kabla ya badiliko, jaribu badiliko siku hiyohiyo wakati duka limefungwa, kisha ifute picha hiyo. Anayetaka kurudi nyuma baada ya siku za mauzo kupita, kwanza atoe nakala ya takwimu mpya.

SOMO LA TATU: AKIBA INAYOJARIBIWA

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika kompyuta, akiba huoza isipoguswa. Diski ya nje inaweza kufa kimyakimya, na kazi ya usiku ya kuhifadhi nakala inaweza kushindwa mwezi mzima bila mtu kusoma taarifa yake.

Kanuni inayofundishwa kwa wasimamizi ni ya tarakimu tatu: 3, 2, 1. Kuwe na nakala tatu za kumbukumbu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya jengo. Ya tatu ndiyo itakayookoa biashara siku ya moto, mafuriko au wizi.

Lakini kipimo hasa si kuhifadhi, bali kurudisha. Angalau mara moja kila miezi mitatu, kijana achukue nakala ya kompyuta pepe ya uhasibu, airudishe kama chumba kipya kilichotengwa na mtandao wa duka, aiwashe, kisha mhasibu afungue leja na kulinganisha salio la mwisho. Kijana aandike kazi hiyo ilichukua saa ngapi. Ikiwa ilichukua saa sita, mwenye duka anajua kuwa siku ya msiba atauza kwa karatasi saa sita, na anaweza kununua vitabu vya stakabadhi mapema.

SOMO LA NNE: UFUNGUO WA MWENYE NYUMBA

Mwizi akivunja chumba kimoja, amemwibia mpangaji mmoja. Akipata ufunguo wa mwenye nyumba, amewaibia wote. Mwezi Februari 2023 jambo hilo lilitokea kwa upana wa dunia. Wahalifu waliziingilia seva zenye haipavaiza ya VMware iitwayo ESXi, wakayafunga kwa fumbo mafaili ya kompyuta pepe na kudai fidia. Taasisi za Marekani za FBI na CISA zilitaja seva zaidi ya 3,800 zilizoathirika duniani.

Uchungu ni kwamba tundu lililodhaniwa kutumiwa lilikuwa na kiraka kilichotolewa na VMware tangu Februari 2021. Kiraka kilikuwepo miaka miwili, na wasimamizi wengi hawakukibandika. Wengine waliuacha mlango wa haipavaiza wazi kwenye intaneti.

Kijana anayeanza ajifunze mambo matatu hapa. Mlango wa haipavaiza usionekane kutoka nje. Nenosiri lake lisifanane na la kompyuta yoyote nyingine. Na viraka viwe na tarehe yake katika kalenda, kama vile kodi ya pango ilivyo na tarehe yake.

SOMO LA TANO: BEI YA LESENI

Wawekezaji wadogo wana la kujifunza kutokana na historia ya VMware katika masoko. Mwaka 2004 EMC ilikamilisha kuinunua kwa dola milioni 635 hivi. Agosti 2007 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 29 kila moja, na siku ya kwanza katika Soko la Hisa la New York zilifunga kwa dola 51, yaani ongezeko la asilimia 76 hivi. Mei 2022 Broadcom ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 61, pamoja na kubeba deni la dola bilioni 8. Ununuzi ulikamilika Novemba 2023.

Mwezi uliofuata, mmiliki mpya alisitisha kuuza leseni za kudumu. Kuanzia hapo mteja hulipia kwa muda, kama pango. Wateja wengi walilalamika kwamba gharama zimepanda mara kadhaa. Kwa mwenye hisa, kampuni ambayo wateja wake hawawezi kuhama kirahisi ina nguvu ya kupanga bei. Kwa mwenye duka, ndiye yeye huyo mteja asiyeweza kuhama.

Zipo njia nyingine. Proxmox VE, inayotoka Vienna, Austria, na iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008, hutumia KVM na haidai ada ya leseni. Anayetaka msaada wa wataalamu wake ndiye anayelipia. Mwaka 2024 iliongezewa chombo cha kuhamishia kompyuta pepe kutoka ESXi. Lakini kuhama kuna gharama ya muda na mafunzo, na bure isiyo na fundi anayeijua inaweza kuwa ghali kuliko ya kulipia.

PA KUJIFUNZIA

Kijana hahitaji seva ya mamilioni ili ajifunze. Kompyuta ya mitumba yenye memori GB 16 inatosha. Kwanza awashe uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe katika mipangilio ya BIOS, ambao mara nyingi huwa umezimwa. Aanze na VirtualBox, aunde kompyuta pepe mbili na kuzifanya ziwasiliane. Kisha ahamie Proxmox. Baada ya hapo aharibu kwa makusudi: ajaze diski, azime umeme ghafla, afute faili muhimu, halafu arudishe. Kosa lililofanywa nyumbani halina ankara za mtu ndani yake.

Mwenye duka naye anaweza kumpima kijana wake kwa maswali manne. Tumeahidi nafasi ya diski kiasi gani, na iliyopo ni kiasi gani? Kuna picha yoyote iliyozidi siku tatu? Nakala ya nje ya jengo iko wapi? Na mara ya mwisho tulirudisha uhasibu kutoka katika nakala ilikuwa lini, na ilichukua saa ngapi?

Kijana anayejibu yote kwa kufungua daftari lake anastahili kuongezwa mshahara. Anayejibu kwa kubahatisha apewe wiki moja na diski mpya ya nje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari lenyewe ni mpangaji ndani ya boksi.