Njaa ya Mkimbiaji

Katika mji wa Iten, nchi ya Kenya, juu ya bonde la Kerio, wakimbiaji huondoka alfajiri, umande ungali majanini. Warudipo, mtu angedhani watakimbilia chungu, kumbe sivyo. Mtu akimbiapo kwa nguvu nyingi, damu huenda zaidi miguuni na kupungua tumboni, na njaa hukawia kuja, ijapokuwa mwili umekwisha kupungukiwa. Asiyejua huingoja, na kesho yake miguu humwia mizito. Wenyeji wa mbio hawaingoji: hunywa upesi chai ya maziwa yenye sukari, kisha hula ugali na mboga. Mchana hulala kidogo. Lakini mtu akikimbia sana karibu na saa ya kulala, moyo huchelewa kutulia, na usingizi nao huchelewa.