Ruzuku ya Mbolea: Ilivyokuja, Ilivyoondoka, na Hesabu ya Mkulima wa Mahindi

Ndugu mkulima, kila mwaka kabla ya mvua Bwana Shamba huulizwa swali moja: je, msimu ujao mbolea itakuwa ya bei nafuu? Swali hili hawezi kulijibu, maana bei ile haipangwi na yeye. Lakini yafaa ujue jinsi msaada wa Serikali kwa mkulima wa mahindi wa Tanzania ulivyokwenda tangu zamani, maana mambo hayo yanagusa shamba lako hata leo.

Katika miaka ya 1973 hadi 1975 nchi yetu ilipatwa na uhaba mkubwa wa chakula, na nafaka nyingi ikabidi inunuliwe ng'ambo. Kwa sababu hiyo Serikali iliamua kumsaidia mkulima kwa njia mbili. Kwanza, mbolea ya chumvichumvi iliuzwa kwa ruzuku, yaani sehemu ya bei ililipwa na Serikali. Pili, bei ya mahindi ikawa moja kwa nchi nzima. Mkulima wa Songea, aliye mbali na Dar es Salaam kwa kilomita zaidi ya 900, alipata kwa kilo sawa na yule aliye karibu na soko. Gharama za malori zilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wazee wanalijua kwa jina la NMC.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, yenye mvua nzuri, ikawa ghala la nchi. Watu waliokuwa wakilima ulezi na mihogo wakageukia mahindi na mbolea. Lakini NMC ikazama katika madeni, maana kila gunia la mbali lilikuwa hasara kwake. Katika miaka ya 1980 bei moja ikaanza kuachwa. Ruzuku ya mbolea nayo ikapunguzwa hatua kwa hatua kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990, na kufika msimu wa 1994/95 ilikuwa imekwisha kabisa. Waliopata taabu zaidi ni wale wa mbali: mbolea ilipanda bei kwa ajili ya safari, na mahindi yao yakashuka bei kwa ajili ya safari ile ile.

Baadaye msaada ulirudi. Mwaka 2003 Serikali ilianza kulipia sehemu ya usafirishaji wa mbolea. Toka 2008/09 zikaja vocha: mfuko wa mbolea ya kupandia, mfuko wa kukuzia, na mbegu bora za kutosha ekari moja, mkulima akichangia karibu nusu ya bei. Wengi walivuna vizuri. Wako pia waliotia sahihi vocha dukani wakapokea shilingi chache badala ya mfuko, na ukiwaza vizuri waliuza mavuno yao kabla ya kupanda. Agosti 2022, bei ya mbolea ilipopanda duniani kote, ruzuku ilirudishwa tena kwa wakulima walioandikishwa, na msimu ule mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliuzwa shilingi 70,000.

Sasa tuje shambani, kwenye jambo lenyewe. Mfuko wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Tuseme kila kilo moja inakuongezea kilo 15 za mahindi. Basi mfuko umekuletea kilo 345. Kama mahindi ni shilingi 500 kwa kilo, mfuko wa shilingi 70,000 unalipwa na kilo 140 tu. Faida ipo.

Lakini tuseme umechelewa kupalilia, na magugu yamekula nusu ya mbolea. Nyongeza ni kilo 172. Kwa bei ya ruzuku bado unaona umepata, nawe hutajua kuwa kuna kosa. Mwaka ambao mfuko ni shilingi 120,000, unahitaji kilo 240 ili kurudisha fedha yako. Shamba lile lile na kazi ile ile, sasa ni hasara. Hivyo ndivyo ruzuku inavyoficha magugu.

Kwa hiyo palilia kwanza, ndipo utie Urea, mahindi yakiwa yamefika magotini na udongo una unyevu. Iweke kando ya shina, isiguse mmea, kisha ifukie. Ikiachwa juu hupotea hewani, na fedha yako pamoja nayo.

Angalia pia aina ya mbolea. Shamba likipewa SA mwaka baada ya mwaka, udongo huwa mchachu, na mahindi hudumaa hata ukiongeza mifuko. Hapo dawa ni chokaa. Peleka udongo wako ukapimwe kabla ya kununua kitu.

Na samadi usiitupe kwa kuwa mbolea ya dukani imekuwa rahisi. Irundike chini ya kivuli, ifunike kwa majani, uitie kwenye mashimo wakati wa kupanda. Msimu unaofuata panda maharage mahali palipokuwa na mahindi. Vitu hivi viwili havisubiri tangazo la bei.