Gari Liko Pepa, Mnunuzi Yuko Kalemie: Maswali na Majibu Kuhusu Mnada wa Mtandaoni

Nina Hilux ya dizeli hapa Pepa, lakini wenye pesa wako Kalemie. Nipige mnada kwenye simu au nimpe dalali?

Piga mnada, ila kwanza fahamu kinachomtia hofu mnunuzi. Anayenunua ng'ombe huko kwenu, kwenye milima ya Marungu, humfungua mdomo, akatazama meno, akamtembeza. Anayetazama picha ya gari akiwa Kalemie hana cha kushika. Anajua kwamba wewe unazijua kasoro zote na yeye hajui hata moja, kwa hiyo anashusha bei ili ajikinge.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya jambo hilihili mwaka 1970, tena kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima haikubali bei hiyo, analiondoa gari lake sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Majarida matatu yaliikataa makala hiyo kabla ya kuchapishwa na la nne. Mwaka 2001 Akerlof alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Dalali haondoi hofu hiyo ya mnunuzi. Anaongeza tu mtu mwingine wa kulipwa.

Mbona Wajapani wanauza magari kila siku kwa watu ambao hawajayagusa?

Kwa sababu ya karatasi ya ukaguzi. Kwenye minada mikubwa ya huko, kama ile ya kampuni ya USS, gari halipewi alama na mwenyewe. Linapewa na mkaguzi. Yeye huandika alama ya jumla: S kwa gari ambalo ni karibu jipya, kisha 5, 4, 3 kwenda chini, na R kwa lililowahi kugongwa likatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari, na kila jeraha limewekwa mahali pake: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa. U1 ni bonde dogo tu. U3 utaliona ukiwa mbali.

Kwa karatasi hiyo gari huuzwa kwa muda usiofika dakika moja. Na hapa ndipo wauzaji wetu wengi wanapokosea: gari la 3 nalo linauzwa, pamoja na mikwaruzo yake yote. Kasoro iliyoandikwa ina bei. Iliyofichwa ndiyo inayomkimbiza mteja.

Sisi hatuna mkaguzi wa aina hiyo.

Mnao mafundi. Tafuta fundi ambaye hajawahi kulitengeneza gari lako, umlipe kabla ya mnada, na malipo yake yasitegemee bei itakayopatikana. Mwache aandike kwa mkono wake, aweke tarehe na sahihi. Akisema giaboksi inagoma kuingia gia ya pili, usimwombe alainishe maneno.

Kisha piga video ya asubuhi, na hii naisisitiza kuliko picha yoyote. Asubuhi za Pepa ni za baridi, jambo linalokufaa sana, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka hujitaja ikiwa baridi. Funua boneti, weka kiganja juu ya injini ili watu waone kwamba haijapashwa moto, kisha washa bila kukata video. Zunguka hadi kwenye ekzosi ukae hapo dakika mbili. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweupe mzito usiokoma, huenda maji yanaingia ndani. Mweusi, tazama nozeli na chujio la hewa. Mnunuzi anayejua magari ataelewa mengi kwa dakika hizo mbili kuliko kwa picha ishirini za gari lililooshwa.

Ingia na chini pia: chesisi, springi, mahali palipowahi kuchomelewa. Barabara zetu huvunja kuanzia chini, na kila dereva anajua.

Mnada wenyewe unaendeshwaje?

Kikundi cha WhatsApp kinatosha. Tangaza saa ya kufunga, kiwango kidogo cha kupanda (tuseme dola 50), na kama ipo bei ya chini ambayo hutauza chini yake. Weka bei ya kuanzia iwe ndogo, watu waingie. Bei ya chini ndiyo inayokulinda.

Kuna wanaosubiri sekunde za mwisho ili wenzao wasipate nafasi ya kujibu, na mtandao ukikatika ugomvi unazuka. Mnada wa Yahoo wa Japani una dawa yake: ofa ikija dakika za mwisho, muda unaongezwa kwa dakika tano. Fanyeni hivyo. Na usimweke ndugu yako apandishe bei kwa uongo. Huo ni wizi, na Kalemie watu wanajuana.

Usukani wa kulia unapunguza bei?

Ndiyo. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na dereva wa usukani wa kulia haoni mbele anapotaka kulipita lori. Sema tangu mstari wa kwanza wa tangazo.

Nipokee pesa vipi?

Baada ya mnunuzi kufika, kulikagua gari na kuliendesha. Mwombe arbuni ndogo kwa simu ili ashike nafasi, na mwandikiane kwamba atarudishiwa gari likiwa tofauti na karatasi ya fundi. Zilizobaki, afadhali mkutane benki, noti zihesabiwe na kupimwa hapo. Dola yenye mpasuko mdogo tu pembeni hukataliwa kwetu, na ukishaipokea ni yako. Ujumbe wa simu unaosema pesa zimeingia usiuamini mpaka umetazama salio mwenyewe.

Na karatasi?

Kabla ya kutangaza, linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye gari na ile ya carte rose, yaani kadi ya gari. Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia wewe, tafuta kwanza hati yake ya mauzo. Bila hiyo mnunuzi makini ataondoka. Usirushe picha ya kadi nzima kikundini, mwonyeshe aliyeshinda peke yake.

Siku ya kukabidhi andikeni hati ya mauzo kwa nakala mbili: majina, namba ya chesisi, bei, mashahidi, tarehe na saa. Saa wengi huiacha. Gari likimgonga mtu jioni ya siku hiyohiyo, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha lilikuwa mikononi mwa nani.