Mdogo wangu, anza na spana

Mdogo wangu wa Othaya Road, umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: utafikaje kwenye mbio za pikipiki, na utajifunza wapi kuunda injini zake. La kwanza nitaligusa tu, uzito nitauweka kwenye la pili, maana ndilo litakalokulisha.

Mbio za pikipiki hapa kwetu hazilipi. Nakwambia mapema kabla hujapumbazwa na hadithi za wadhamini. Nyingi ni za motokrosi, za udongo na matuta, na uwanja wake wa Jamhuri Park si mbali na kwenu, ukishavuka Kilimani na Ngong Road. Nenda siku ya mashindano. Utawaona watoto wadogo kwenye pikipiki za cc 50, wakubwa kwenye za 250 na 450, na nyuma ya kila mmoja kuna mzazi anayetoa hela tu. Wanaong'ara huvuka mpaka kushindana Garuga, upande wa Entebbe, na Waganda kwenye mchezo huu si wa kuchezewa.

Sasa kuhusu ufundi, mtazame Joginder Singh. Najua, yeye alikuwa wa magari. Lakini kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji kutoka Kericho. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Kinachonivutia zaidi ni kwamba aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19. Kumaliza kwenye matope na vumbi lile ni kazi ya sikio linalojua injini inalalamikia nini kabla haijafa.

Na kama mjomba wako bado anasema injini si za wasichana, mpe jina la Beatrice Shilling. Mwingereza huyu, aliyezaliwa 1909, alijinunulia pikipiki akiwa na miaka 14, akasomea uhandisi Manchester, na mwaka 1934 akaizungusha Norton yake kwenye uwanja wa Brooklands kwa maili 106 kwa saa, kama kilomita 170. Aliiongezea nguvu mwenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, ndege za Uingereza zenye injini ya Merlin zikawa zinakatika nguvu rubani akiinamisha pua ghafla, kwa kuwa kabureta ilivurugikiwa na mafuta. Dawa aliyoileta Shilling mwaka 1941 ilikuwa kidude kidogo chenye tundu, cha kudhibiti mafuta yanayopita. Basi! Mbio hazikumpa utajiri, ila kabureta alikuwa anaijua.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabete Polytechnic iko hapo Waiyaki Way. Ulizia kozi za mitambo, kisha ufanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, uanzie Gredi ya 3. Wakati huohuo tafuta gereji ikupokee. Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, haikosi fundi wa kukufundisha, lakini mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba hukuja kununua chai na kuosha vyuma.

Nunua injini kuukuu ya bodaboda, ile ya Boxer yenye silinda moja. Ifungue, iunge, uifungue tena. Pima pistoni na silinda kwa maikromita, angalia mwanya wa ringi, seti valvu bila kubahatisha. Utakutana na fundi anayekaza boliti za hedi kwa kusikilizia mkono. Mwamkie kwa heshima, kisha utumie spana yenye kipimo. Akikushauri upandishe mgandamizo ili upate nguvu, muulize ni petroli gani itakayoustahimili, maana injini ikianza kugonga itakutobolea pistoni.

Halafu usinijaribie kazi yako Ring Road usiku wa manane. Wale wanaotuamsha kwa makelele wanashindana na matatu na walevi, na hakuna anayewaandikia muda wao. Uwanjani kuna bendera, kuna daktari, na ukianguka kuna anayejua.

Kuhusu kumshawishi mama: acha kumwonyesha video za mbio. Mpeleke Jamhuri, mkae upande zinakotengenezwa pikipiki, aone watu wanavyofanya kazi. Kabla hujamwomba pesa za pikipiki mwombe za helmeti, kinga ya shingo na mgongo, na buti. Akikataa hapo hajakataa mbio, amekataa bei, na bei mtu huizungumzia.

Na hiyo injini ya Boxer, ukiiwasha, iwashie gereji. Kwa jinsi ghorofa zenu zilivyosongamana, mwenye nyumba atakufukuza kabla mama hajafungua mdomo.