Somo la Kiingereza: Neno "Number" na Kazi Zake

Abiria atokaye Nairobi kwa barabara ya Thika hufika Githurai, pande za wadi ya Kiuu, kabla ya kuingia mjini Ruiru. Mahali hapo huitwa Githurai 45, na jirani yake pana Githurai 44. Mgeni aweza kudhani kwamba ziko Githurai nyingi zilizohesabiwa moja moja mpaka kufika hapo. Sivyo. Hizo ni namba za njia za mabasi yatokayo mjini Nairobi; watu walizoea kuitaja namba ya basi hata ikawa jina la mahali.

Mfano huo waonyesha kwamba neno la Kiingereza "number" halina maana moja tu. Kiswahili kina maneno mbalimbali kwa kazi zake, na asiyeyapambanua huweza kupata hasara.

Maana ya kwanza ni idadi, yaani jibu la swali "ngapi?" Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735, na Kenya nzima watu 47,564,296. Hapo Mwingereza husema "the number of people". Idadi huongezeka na kupungua, nayo yaweza kujumlishwa na kutolewa.

Maana ya pili ni namba ya kutambulisha kitu, ambayo hufanya kazi ya jina. Ndivyo ilivyo 45 ya Githurai. Ndivyo ilivyo pia katika Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, yenye nguvu ya kustahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Namba za jinsi hii hazijumlishwi. Mtu akijumlisha 44 na 45 hapati kituo chochote cha basi.

Namba ya kutambulisha huandikwa kwa ufupi "No." Wengi hushangaa, kwa kuwa herufi "o" haimo katika neno "number". Sababu yake ni kwamba ufupisho huo umetokana na neno la Kilatini "numero".

Mkulima apelekaye kahawa kiwandani na azitazame namba hizi mbili kwa uangalifu. Kwa mfano, stakabadhi yaweza kuandikwa "Member No. 214", na chini yake "Kilos 38". Ya kwanza ni namba yake ya uanachama. Ya pili ni uzito wa kahawa yake. Tarakimu moja ikikosewa katika ile ya kwanza, malipo yake yaweza kuandikwa kwa mtu mwingine. Ikikosewa katika ile ya pili, atapunjwa asijue. Kadhalika, atumaye fedha kwa simu akikosea tarakimu moja, fedha zaweza kumfikia asiyemjua.

Maana ya tatu hutegemea neno dogo litangulialo. "The number of workers" ni idadi ya wafanyakazi, lakini "a number of workers" ni wafanyakazi kadhaa tu. Tangazo likisema, "A number of workers will be paid on Friday," maana yake ni kwamba baadhi yao watalipwa Ijumaa. Hapana ahadi kwamba watalipwa wote, na asomaye hivyo asikope dukani kwa kuitegemea siku hiyo. Pia, baada ya "the number" kitendo huwa cha umoja: "The number of workers is forty." Baada ya "a number" huwa cha wingi: "A number of workers are absent."

Yafaa kukumbuka pia kwamba "number" ni kwa vitu vihesabikavyo. Ng'ombe huwa na "number", lakini maziwa yao huwa na "amount", kama Kiswahili kisemavyo idadi ya ng'ombe na kiasi cha maziwa. Lakini maziwa yakitiwa katika chupa, chupa huhesabika, na "number" hurudi.

Mwisho, Waingereza husema "his days are numbered", yaani siku zake zinahesabika, zimebaki chache. Husemwa juu ya mgonjwa mahututi, au mkubwa anayekaribia kuondolewa kazini.

Zoezi. Msomaji na afasiri sentensi hizi kabla ya kutazama majibu:
1. What is your house number?
2. The number of pupils has increased.
3. A number of buses are late.

Majibu:
1. Nyumba yako ni namba gani?
2. Idadi ya wanafunzi imeongezeka.
3. Mabasi kadhaa yamechelewa.