GAZETI LA MJI NA WATU WA MJI: SOMO KUTOKA LUBUMBASHI



Sisi wa darasa la sita tumesoma historia ya magazeti ya Lubumbashi. Tumeona kwamba somo hili linatuhusu sisi wenye kutengeneza karatasi hii. Kwa hiyo tunaliandika kwa kifupi, hata wadogo wa darasa la kwanza wapate kuelewa.

1. Mwanzo

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka ule ule reli kutoka kusini ilifika. Shaba ilileta reli, na reli ikaleta watu wengi. Mwaka 1911 magazeti yalikuwa tayari yanachapwa pale, kwa Kifaransa. Wasomaji wao walikuwa wazungu.

Mwaka 1928 Jean Sepulchre alianzisha L'Essor du Congo. Ndilo gazeti lililopata nguvu sana katika mji, na lilikuwa sauti ya wazungu wa Katanga. Watu weusi walikuwa wengi kuwapita, nao ndio walichimba shaba, lakini gazeti halikuandikwa kwa ajili yao. Mwaka 1934 likatokea Ngonga, maana yake kengele, gazeti la wasomaji Waafrika. Halikudumu: mwaka 1935 kengele ilinyamaza.

2. Madeni ya vita

Wakati wa vita kazi iliongezeka sana, lakini mishahara ilikuwa midogo. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa shaba waligoma. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mupira wa Élisabethville, askari waliwapiga risasi, na makumi ya watu walikufa.

Kiisha, mwaka 1945, kiwanda cha L'Essor kilichapa kitabu Dettes de guerre, ni kusema Madeni ya vita. Avoka Antoine Rubbens alikusanya ndani yake makala zilizotoka katika gazeti. Wazungu wenyewe waliandika kwamba Wakongo wana haki ya kulipwa kwa taabu waliyoipata. Ndani yake mlikuwa pia barua ya 1944 ya wasomi weusi wa Luluabourg, leo Kananga. Waliomba heshima, lakini waliiomba kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya watu wa vijijini. Tuangalie vizuri: hata yule aliyesahauliwa anaweza kusahau mwenzake.

3. Majina yanabadilika

Katanga ilijitenga kutoka mwezi wa saba 1960 mpaka mwezi wa kwanza 1963, na gazeti likaitwa L'Essor du Katanga. Katika miaka ya 1970 magazeti ya Lubumbashi yalibeba majina ya Kiswahili: Taifa na Mjumbe. Lakini ukifungua ndani, ni Kifaransa. Tena chama kilikuwa kimoja, na mwandishi hakuweza kukisema vibaya. Mlango ulifunguka kidogo kisha tarehe 24 mwezi wa nne 1990, Mobutu alipotangaza kwamba vyama vingi vinaruhusiwa. Basi jina jipya peke yake halitoshi. Lazima kuuliza: nani anaandika, na nani haandikwi?

4. Na sisi?

Mwaka jana karatasi hii iliandika kwamba mwanafunzi mmoja wa darasa la pili aliiba taa ya internati. Hatukumwuliza yeye neno. Nakala zilifika mpaka kwa wazazi. Kiisha taa ilionekana katika depo, nyuma ya magunia. Sisi tulinyamaza, tuliona haya. Mtoto yule hakurudi trimestri iliyofuata.

Tunaandika leo, kwa stensili ile ile: hakuiba. Tulikosa sisi. Nakala moja tutaipeleka nyumbani kwao kwa mikono yetu, mbele ya kutoa zingine. Hilo ni deni letu.

Maswali ya kujibu katika daftari

1. Juu ya nini Ngonga lilihitajika, hapo mji ulikuwa tayari na magazeti?
2. Wasomi wa Luluabourg walimsahau nani?
3. Katika shule yetu, ni nani ambaye karatasi hii haijamwandika hata mara moja? Mwende mumwulize habari zake, mtuletee.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la darasa la sita